Paka wa Chumba cha Wapiga Chapa

Katika chumba cha wapiga chapa pale mahakamani tulikuwa watatu, na aliyeaminika kuliko wote ni yule ambaye mwenyewe hakumwamini mtu. Tulimwita Bi Hakiki. Akifunga kabati la majalada, alirudi kulivuta mara mbili. Kurasa zikitoka kwenye printa alizihesabu, hata zikiwa mbili. Ukimsalimia asubuhi alikutazama kwanza, kana kwamba anapima salamu hiyo imetumwa na nani.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza kazini, enzi za mashine za taipu, mwenzake mmoja alifukuzwa kwa sababu mtu aliokota karatasi yake ya kaboni kwenye kapu la taka, akaiinua dirishani, akaisoma barua yote ya siri mstari kwa mstari. Bi Hakiki alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu siku hiyo kaboni zake alizichoma kwa mkono wake, na majivu akayachanganya na maji. Mumewe alipofariki akamwachia mabinti wawili, aliwalea kwa hadhari hiyohiyo. Sasa wana nyumba zao, na wakimpigia simu humtania: "Mama, ni sisi kweli, usiogope." Naye huuliza swali moja la kuhakikisha.

Mtu wa namna hiyo akibeba siri, siri humwelemea. Na aliibeba. Ilikaa meza ya pili.

Meza ya pili ilikuwa ya Mzee Nukta, aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyoipiga nukta ya mwisho wa sentensi kama anapigilia msumari. Mwaka uliopita aliugua, na aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa haumsikii. Akibonyeza herufi moja zinatoka nne. Alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu. Kwetu, chini ya kila ukurasa wa mwenendo wa kesi huwekwa herufi za jina la aliyeuchapa, na kwa miezi mitano kurasa zenye herufi za Mzee Nukta zilichapwa na Bi Hakiki, kwenye kompyuta yake, baada ya kumaliza zake. Mimi wa meza ya tatu nilijua, nikanyamaza. Bosi wetu, msajili, angejua, angempeleka Mzee mbele ya madaktari, nao wangemrudisha nyumbani. Nyumbani hapakuwa na anayemngoja isipokuwa redio.

Jumatatu moja tukawasha kompyuta, tukakuta paka.

Alikuwa paka wa kuchorwa, rangi ya chungwa, mdogo kama kifungo cha koti. Alitembea juu ya ukingo wa skrini, akakaa, akajilamba, akaukimbiza mshale ulipopita. Kila kompyuta ilikuwa na wake.

"Huyu ni nani?" Bi Hakiki alimuuliza fundi wa kompyuta.

"Paka tu, mama. Mwenzio wa kazi. Ukichapa anakula, usipochapa analala."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimependa tu mchangamke. Chumba chenu kimya, utadhani mnalinda maiti."

"Kupenda bila kutumwa," alisema, "hapo ndipo ninapoogopa."

Fundi alicheka, akaenda zake. Bi Hakiki hakucheka. Alikaa akachapa neno moja, akatazama. Kwa kila herufi kisamaki kilidondoka kutoka juu ya skrini, na paka akakidaka. Alichapa ukurasa mzima. Tumbo la paka likajaa kidogo.

"Anahesabu," aliniambia kwa kunong'ona. "Umeona? Paka anayehesabu hakuletwa kwa ajili ya panya."

Alibandika kipande cha karatasi kwenye kona ya skrini ambapo paka alipenda kulala; akahamia kona ya pili. Akaanza kuzungumza akiipa skrini mgongo. Siku moja alimwona fundi na msajili wamesimama ukumbini wanacheka, akarudi uso umemkauka.

"Wanacheka nini?"

"Labda mpira," nilisema.

"Msajili hajui mpira unachezwa na watu wangapi."

Nilianza mimi mwenyewe kumtazama paka wangu, na nakiri kwamba kuna mchana niliacha kujikuna kwa sababu alikuwa ananitazama. Shaka ni kama upupu. Anayekaa karibu na mwenye nao naye huwashwa.

Wiki ya pili mambo yakawa wazi. Paka wangu alikuwa wa wastani. Wa Bi Hakiki alinenepa kama mto wa kulalia, kwa kuwa alikula kazi ya watu wawili. Wa Mzee Nukta alikuwa mbavu tupu, amelala tangu asubuhi, juu ya kichwa chake imechorwa tandabui. Mtu hakuhitaji kusoma faili lolote. Kupita mlangoni tu kulitosha. Na msajili alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa atapita kukagua chumba.

"Ndiyo maana waliwaleta," Bi Hakiki alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi na tumlishe huyu wangu," Mzee Nukta akasema. "Mimi mwenyewe nimemwonea huruma."

Lakini Mzee hakuweza kuchapa, na Bi Hakiki hakuthubutu kuonekana ameketi meza isiyo yake. Hapo ndipo likaja wazo ambalo lingeweza kuwajia wapiga chapa peke yao. Sisi karatasi ikikataa kutulia huwa tunailazia jalada juu. Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana, Bi Hakiki alifungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta ya Mzee, akatoa kabatini jalada nene kuliko yote, la kesi ya ardhi ya miaka kumi na saba, akalilaza juu ya kibodi. Visamaki vikaanza kunyesha kama mvua. Tukatoka kula.

Tuliporudi, msajili alikuwa amesimama mbele ya meza ya pili, jalada mkononi. Nyuma yake paka alikuwa ameijaza skrini yote, chali, miguu juu, tumbo limeziba kila kitu isipokuwa pembe moja ya ukurasa, na hapo ilionekana herufi moja tu ikijirudia mstari baada ya mstari.

"Jalada hili nalitafuta tangu saa nne," msajili alisema. "Hakimu ananingoja." Aligeuka akamtazama paka. "Na huyu kala nini?"

Angepewa jibu lolote angeondoka. Alikuwa na haraka. Lakini Bi Hakiki alikuwa ameishi na swali lake siku kumi na moja, na likamtoka.

"Nani alikuambia habari za Mzee? Paka, au fundi?"

Msajili akamwacha paka, akamgeukia. "Habari gani za Mzee?"

Nilimwona Bi Hakiki akifumba mdomo, amechelewa. Kwa maisha yake yote hakuwahi kuangusha hata karatasi.

"Muache, mheshimiwa," Mzee Nukta alisema. "Mkono wangu haufanyi kazi tangu nitoke hospitali. Kurasa zangu amezichapa huyu dada yangu."

"Miezi yote hiyo?"

"Yote."

Msajili alilibana jalada kwapani. "Kesho asubuhi nipate maelezo yako kwa maandishi," alisema, akatoka.

Ijumaa Bi Hakiki alikuja na karatasi tayari. "Niambie tu, nitachapa."

"Hapana," Mzee akasema. "Hii ni yangu."

Aliichapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, tangu tulipofungua mpaka karibu na saa sita. Fundi alikuwa amemrudisha paka wembamba wake, na sasa paka alikaa kitako, kichwa juu, akingoja kila kisamaki. Barua ilikuwa ya mistari mitano. Hakuomba kusamehewa. Aliomba, kwa miezi iliyobaki, awe msomaji: kuna hakimu mmoja ambaye mwandiko wake sisi wawili hutushinda, na yeye huusoma kama anasoma bango la dukani.

Msajili aliisoma akiwa amesimama. "Tutajaribu mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Halafu nitaona. Lakini herufi za jina lako ziondolewe kwenye kurasa."

"Ziondolewe," Mzee alisema, kwa sauti ndogo.

Msajili alipoondoka, Bi Hakiki alinivuta mkono hadi dirishani.

"Mbona amekubali upesi hivyo?"

"Labda ana huruma."

"Labda," alisema, akiutazama mlango.

Kisha akaburuta kiti chake hadi meza ya pili, akavuta kibodi. Mzee alifungua jalada, akakohoa, akaanza kumsomea.

"Polepole," Bi Hakiki alimwambia. "Na ushushe sauti."

"Nikishusha utasikiaje?"

"Nitasikia."

Mzee akashusha sauti, naye akachapa.