Marselino Apima Hewa ya Jikoni

Marselino alishuka kwenye maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wa dhahabu, kwa miaka ishirini na mitatu, akatoka na vitu viwili vya kudumu: kikohozi na heshima. Dhahabu nayo aliipata, ila hiyo haikudumu. Heshima ilitokana na mshumaa. Duara likikaa siku kadhaa bila kazi, yeye ndiye aliyefunga mshumaa unaowaka kwenye kamba na kuuteremsha polepole. Ukifika chini ungali unawaka, hewa ipo, watu washuke. Ukizimika njiani, kila mtu arudi akanywe uji. Hakuna aliyekosa pumzi katika zamu yake. Hata sasa, akiwa mzee wa miaka sitini na mmoja anayefuga kuku mtaani Kalangalala, jambo lolote la hewa alijiona ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwa hiyo jiko la gesi lilipoingia nyumbani bila yeye kuulizwa, aliumia. Lilinunuliwa na mkewe Eufrasia, Mama Juliana, aliyechoka na moshi wa mkaa. Dorah, muuza gesi wa mtaa wa pili, alikuja kulifunga na kutoa maelekezo, ambayo Eufrasia aliyasikiliza kama mahubiri ya Pasaka. Marselino wakati huo alikuwa nje akilisha kuku, kwa makusudi. Aliapa kutoligusa jiko hilo mpaka aombwe.

Jumamosi moja asubuhi Eufrasia alikwenda mazoezi ya kwaya. Marselino akaingia jikoni kuchukua pumba, pua yake ikapokewa na harufu kama ya yai viza. Akawashuku kuku wake. Alikagua kapu zima la mayai, akakuta yote mazima. Harufu ilitoka chini, upande wa mtungi.

"Hewa mbaya," alijiambia, karibu kwa furaha. Hatimaye jiko lilimhitaji mtu mwenye uzoefu.

Mshumaa aliupata. Kiberiti ndicho hakikuwepo, maana jiko lile lilijiwasha lenyewe kwa kuzungusha kitufe, na Eufrasia hakuwa mwanamke wa kununua kitu kisicho na kazi. Marselino alinung'unika, akaufunga mlango vizuri ili hewa isikimbie kabla ya kupimwa, akaenda dukani kwa Dorah.

"Shikamoo, Baba Juliana."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nipe kiberiti."

"Kha! Mama Juliana amerudi kwenye mkaa?"

"Athubutu! Kuna hewa mbaya jikoni, nataka kuipima."

Dorah alikuwa ameshanyoosha mkono wenye kiberiti. Akaurudisha.

"Unaipimaje?"

"Kwa mshumaa, binti. Ukizimika, hewa mbaya. Ukiwaka, salama."

"Ukiwaka?"

"Ukiwaka."

"Baba Juliana, huo ukiwaka, sisi tutakuja na michango ya msiba, na bati la jiko lako tutalifuata kwa jirani."

Marselino alifungua kinywa kujibu kwa uzoefu wa miaka ishirini na mitatu, lakini Dorah alikuwa ameshatoka nyuma ya meza. "Mshumaa wa duarani unauliza kama kuna hewa ya kuvuta," alisema. "Hii gesi haiulizwi. Inangoja moto tu. Halafu ni nzito, inalala sakafuni."

"Inalala chini?" Hilo alilielewa mara moja. Chini ndiko hewa mbaya ya duarani ilikokaa siku zote.

"Chini. Mlango umeuacha wazi?"

Marselino alitazama kiberiti, kisha barabara. Dorah aliacha simu juu ya meza isije ikatoa cheche, wakaondoka mbio, mzee akitangulia, kikohozi kikimfuata.

Walifungua mlango na dirisha, wakasimama uani hadi harufu ikapungua. "Usiguse swichi ya taa," alionya Dorah, akaingia, akaufunga mtungi, akautoa nje pamoja na jiko lake mpaka katikati ya uwanja, mbali na chochote chenye moto. Hapo akamkabidhi mzee bakuli la povu la sabuni na sponji.

"Sasa pima."

Aliufungua mtungi kidogo. Marselino alichuchumaa, akapaka povu kwenye mpira wa gesi polepole, kwa umakini uleule wa zamani. Pale mpira ulipoungana na mtungi, povu likaanza kuvimba mapovu makubwa.

"Inapumua hapa!" alipiga kelele.

Kibano kilikuwa kimelegea. Eufrasia aliuvuta mtungi kila asubuhi ili afagie chini yake. Dorah alikuwa anafunga kibano kipya wakati mwenyewe anaingia uani, kitabu cha nyimbo kwapani.

"Nani ameuogesha mtungi wangu?"

Marselino akatazama kuku. Mshumaa ulichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

"Ulikuwa unavuja, Mama Juliana," alisema Dorah. "Baba Juliana ndiye aliyenusa. Bila yeye ungerudi ukawasha jiko."

Kila neno lilikuwa kweli. Marselino alimtazama Dorah kama mtu aliyevutwa kutoka duarani kwa kamba.

"Sasa nini kifanyike?" Eufrasia akauliza, na hakumuuliza Dorah. Alimuuliza mumewe.

Mchana huo mzee alichukua nyundo na tindo, akatoboa ukuta wa jikoni usawa wa sakafu, ili hewa nzito ipate pa kutokea. Alichimba kwa saa mbili, akapata alichokuwa anakitafuta, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka mingi. Kuku mwekundu alipita tunduni papo hapo kuja kukagua.

"Weka wavu," alisema Eufrasia, akamletea chai.

"Nitaweka," alisema Marselino. "Na mtungi usiuvute tena. Ukitaka kufagia, niite."