Hesabu Kubwa na Mkungu wa Bibi

Juzi binti yangu alimaliza kuchagua masomo ya kidato cha tano kabla chai yake haijapoa. Alikuwa amejilaza kwenye kochi hapa nyumbani Ijuganyondo, miguu juu, simu mkononi. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, mfumo umefunguliwa kwa wanaotaka kubadilisha tahasusi, ule mkusanyiko wa masomo matatu, naye akabadilisha. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akasema, "Mama, nimeshamaliza. Nimeweka yenye hesabu kubwa." Kisha akauliza kama mihogo imeiva. Nikamkasirikia. Akaniuliza amekosea nini, na kweli hakukosea kitu. Basi nisikilize wewe, kwa sababu hasira hii ni ya zamani na haimhusu yeye hata kidogo.

Mimi nilikulia Kaagya, kwa bibi mzaa mama. Mama yangu alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akasema ni miaka miwili tu, akarudi mgonjwa, na sasa amelala kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, kama tunavyowazika watu wetu. Tukabaki mimi na Bibi. Alfajiri namenya ndizi za mchana, naziacha kwenye sufuria zimefunikwa kwa majani ya mgomba, naenda shule. Nikirudi kuna maji ya kuchota, kuna nyasi za kutandaza kibanjani, kuna kuni. Bibi alikuwa akisema migomba haijui kama mtu ana mtihani.

Kazi niliyoipenda ni moja tu, kulinda kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Unakaa, fimbo ya kufukuzia kuku mkono mmoja, daftari magotini. Pale ndipo nilipofanya hesabu zangu zote. Siku moja nilizama kwenye swali la pembetatu mpaka mvua ikanyesha, na unaijua mvua ya Bukoba, haipigi hodi. Kahawa ikalowa yote, nami nikaendelea kuandika nikiwa nimelifunika daftari kwa gauni. Bibi alinisema wiki nzima. Lakini swali nililipata.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akibaki na wanafunzi wanne baada ya vipindi, akitufundisha mambo ambayo hayakuwa kwenye mtihani wetu. Alikuwa na kitabu chake cha hesabu za kidato cha tano, kimefungwa kwa gazeti, na wakati mwingine aliniachia nikishike. Aliniambia, "Binti, wewe usiende kwenye ile hesabu ndogo ya kusindikizia masomo mengine. Chukua PCM, fizikia, kemia na hesabu kubwa yenyewe." Kwa hiyo selfomu zilipoletwa, zile karatasi za kujaza unataka kusoma nini na wapi, mimi nilishajua chaguo langu la kwanza. Nilichokuwa sijui ni kwamba karatasi ile haikuwa yangu.

Sasa sikia vituko. Sisi Wahaya tunataniwa nchi nzima kwa kupenda kisomo na kujivunia, wanatuita nshomile, na ukoo wangu siwezi kuutetea. Habari za selfomu zilipofika nyumbani, Bibi akaita kikao. Baba mkubwa akapanda gari kutoka Muleba. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, akaja na kiti chake mwenyewe. Walikaa sebuleni tangu mchana wakipanga maisha yangu. Bibi alikuwa ameshaamua, udaktari, yaani PCB, ambayo ndani yake kuna bayolojia na ile hesabu ndogo. Jirani akasema damu nitaizoea. Baba mkubwa, aliyekuwa karani maisha yake yote, akasema tatizo si somo, tatizo ni ratiba, kwamba watoto wanaumizwa na ratiba isiyo na uwiano. Akaomba rula. Akageuza kalenda ya kanisa, akachora nyuma yake ratiba ya miaka miwili ya maisha yangu. Sala alfajiri. Bayolojia. Kemia. Kupumzisha akili. Kwaya. Hesabu akaiweka Jumanne jioni, nusu saa, ili isinichoshe. Wakaisifu ile ratiba, wakaipitisha. Mtu mmoja tu hakuulizwa, ndiye huyo aliyekuwa akiwazungushia kisahani cha kahawa ya kutafuna.

Nikajipa moyo kwamba kikao ni kikao, karatasi ninayo mimi. Wapi. Jumapili Bibi akakata mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani, akanitwisha kwenda nao kanisani. Kwetu Walutheri wa kule, baada ya ibada vitu vya sadaka vinapigwa mnada pale nje, ndizi, kuku, mayai, miwa. Zamu ya mkungu wetu ilipofika, mzee wa kanisa akaunyanyua, akatangaza kuwa hii ni shukrani ya mama yetu kwa ajili ya mjukuu wake, daktari mtarajiwa. Watu wakapiga makofi. Kina mama wakanigeukia. Na unajua nani aliushindania ule mkungu mpaka akaupata? Mwalimu wa hesabu. Akaufunga kwenye baiskeli yake, akaondoka bila kunitazama.

Jumatatu nilimfuata ofisini nikiwa nimefura. Nikamwambia, "Mwalimu, umenunua udaktari wangu." Akakuna kichwa. Akasema, "Nilinunua ndizi. Wale watoto wangu wanakula sana." Halafu akaona sicheki. Akaniambia hawezi kubishana na mama mzima mbele ya kanisa lote, na hata mimi nisibishane naye mbele ya watu. Nikamwambie nyumbani, tukiwa wawili, kabla sijairudisha karatasi.

Nikamwambia Bibi jioni ile ile, jikoni, tunamenya. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, kwamba damu inanitia kichefuchefu, kwamba hesabu nazipenda kuliko kitu chochote. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kwa Kihaya chake cha taratibu, "Hiyo hesabu yako inafundishwa wapi?"

Nikasema shule ambayo mwalimu anaisifu iko Kilimanjaro.

"Na udaktari?"

"Iko shule ya wasichana Muleba."

"Basi utakuwa daktari."

Kisu kikanisimama mkononi. Nikamuuliza ina maana hana haja na udaktari wenyewe. Akasema, "Daktari wa nini? Mimi nataka mtu anayesoma Muleba." Akachukua ndizi nyingine, akaimenya, akaitumbukiza kwenye maji. "Kidato cha tano na cha sita ni miaka mingapi?"

"Miwili, Bibi."

"Mama yako naye aliniambia ni miaka miwili tu."

Nilikasirika mpaka nikalia, na nililia kwa hasira, si kwa huruma, usinipambe. Asubuhi niliandika PCB, Muleba, chaguo la kwanza, nikaikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea upande wa pili. Mwalimu akaipokea, akaisoma, akasema sawa, akaiweka chini ya zingine.

Miaka miwili Muleba nilisoma hesabu ndogo nikiwa namaliza zoezi kabla mwalimu hajafuta ubao. Kila siku ya kutembelea wanafunzi Bibi alifika, na ndizi za moto ndani ya majani, akiwaambia wasichana wote kuwa yeye ni bibi wa daktari, wakati ukweli tunaujua yeye na mimi. Na udaktari sikuupata. Niliishia maabara, napima damu, hiyo hiyo. Tena nilidhani nimemwachia hesabu yangu kikongwe asiye na siku nyingi, kumbe alilima karibu miaka ishirini mingine na kunishinda nguvu.

Mwaka juzi ndipo alipolala kitandani. Jumapili nilikuwa naenda kumwogesha. Siku moja namsugua miguu, akauliza, "Ile hesabu uliyoitaka, ilikuwa inasema nini?"

Nilichokijua ni jina lake na gazeti lililofunika kitabu cha mwalimu. Nikasema, "Sijui, Bibi. Sikuisoma."

Akasema, "Kumbe ulinililia kitu usichokijua." Akacheka mpaka akakohoa. Niliacha beseni pale pale, nikatoka kwenda kibanjani, nikakaa huko mpaka mvua iliponirudisha ndani. Nikasema nitamjibu Jumapili ijayo. Jumapili iliyofuata tulimzika karibu na mama.

Nyumba ya Kaagya sasa imefungwa. Mnyauko umemaliza nusu ya migomba. Baba mkubwa naye ametangulia, na kanisani siku hizi bahasha ni nyingi kuliko mikungu. Hakuna tena sebule inayojaa watu wa kumgombania mtoto atasoma nini, ndiyo maana wangu alichagua peke yake kwenye kochi na mihogo ikaiva.

Nimenunua kitabu cha hesabu kubwa cha kidato cha tano. Nakisoma nikitoka kazini, naandika, nafuta, nakitupa, nakiokota. Nimefika sura ya tatu. Kwa hapa nilipofika ningeweza kumweleza Bibi kitu, hata kwa nusu saa, na akaelewa. Watu wote wale waliokaa kikao, na mwalimu pia, na mimi mwenyewe, lakini Bibi ndiye pekee aliyewahi kuuliza ile hesabu inasema nini.