Mzee wa Kanisa Aliyekunja Miguu

Aibu hii sikupenda kuisimulia, lakini kwa kuwa Kisondela nzima inaijua, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (wapo wanaosema nilielea hewani), bora niiseme mwenyewe.

Mchungaji alinipa kazi ya kufundisha Jumapili, juu ya njia ambazo watu wa dini mbalimbali hutuliza roho ili iamke imsikie Mungu, maana vijana walikuwa wanauliza habari za yoga wanazoziona kwenye simu. Mzee mwenzangu Gwakisa alishasema wazi kwamba nikiisifu yoga hata kidogo nivuliwe uzee wa kanisa. Mtu mwenye akili angesoma Zaburi akakaa chini. Mimi nikajiambia, utalinganishaje mboga ambazo hujazionja?

Nikaanza kwa rafiki yangu Shabani, fundi cherehani pale Tukuyu, ambaye babu yake alitoka pwani. Akanieleza dhikri, jinsi jina la Mungu linavyorudiwa pamoja na pumzi mpaka moyo ulishike wenyewe bila ulimi. Hiyo nikaielewa upesi, bibi yangu alikuwa akipalilia huku akirudia "Bwana unirehemu" mpaka mwisho wa shamba. Wabudha, nilivyosoma, huitazama tu pumzi ikiingia na kutoka. Nikaijaribu kitandani, nikapata usingizi mzuri sana. Ikabaki yoga ya Wahindi.

"Ile ya kukunja miguu iache, Ambakisye," Shabani alinionya. "Ukipiga magoti kanisani kwenu, yanavyolia nayasikia mpaka msikitini."

Sikumsikiliza. Asubuhi moja mke wangu akiwa ameenda Suma kwa dada yake, nikavaa kaptura kuukuu ya kulimia, nikatandika gunia nyuma ya migomba, nikafuata picha ya kwenye simu: mguu huu juu ya paja lile, ule juu ya hili (niliusukuma kwa mikono yote, nikasikia kitu kinasema "ko"), macho nikafumba. Maelekezo yalisema ukiitwa usiitike, acha sauti ipite kama wingu.

Basi Tumpe, mke wa mwanangu, akaita kutoka jikoni: "Baba, chai tayari!"

Wingu likapita.

"Baba? Baba, uko salama?"

Likapita na hilo. Sasa mjue, wengine wameacha, lakini nyumbani kwangu bado tunashika mila ya Kinyakyusa: mkamwana hamkaribii baba mkwe wake, hamgusi, wala hamtazami usoni. Mtu mwingine angekuja akanitikisa bega. Tumpe aliishia kuchungulia mgongo wangu kati ya migomba, akaona mzee ameketi kama kinyago, haitiki, hatikisiki, akatupa mwiko akakimbilia barabarani.

Niliposikia vishindo nikataka kuinuka, kumbe miguu si yangu tena, imeshikana kama mizizi, ganzi mpaka kiunoni. Kupiga kelele nikaona aibu (kaptura ile!), nikasema nitajinasua polepole. Bado navuta kidole gumba, kengele ya kanisa ikalia ule mlio wa msiba. Masikini, nani tena? Mzee wa kanisa hachagui mahali pa kuombea, kwa hiyo nikainamisha kichwa palepale, nikawaombea wafiwa faraja, na mjane, kama yupo, apate nguvu.

Sijasema amina, vilio vikaingia kwangu.

Wakaja kina mama wamejishika vichwa, mmoja na mkungu wa ndizi tayari kwa matanga, wanaume na viti, Mchungaji juu ya bodaboda, na Gwakisa akihema. "Amekufa amekaa!" Tumpe alilia kwa mbali, ametugeuzia mgongo kwa heshima.

"Sijafa," nikasema. "Nivuteni miguu."

Yule mama akatua mkungu wake. "Tata, sasa huku ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... nalinganisha."

Mchungaji akashika mguu mmoja, Gwakisa wa pili, nikapiga yowe ambalo dhikri, pumzi na Zaburi zote hazikulizuia. Tumpe akarusha khanga kinyumenyume ili nisitirike, ikamwangukia Mchungaji kichwani.

"Nilitaka uvuliwe uzee," Gwakisa akasema akiitazama kaptura, "lakini naona ndiyo nguo pekee uliyobakiwa nayo."

Walicheka mpaka waliokuja kulia wakalia kweli, na ndizi za msiba wangu tukazila pamoja, namshukuru Mungu.

Jumapili nilifundisha nimekaa kwenye kiti. Nikawaambia njia zote zile zinamtaka mtu anyamaze ili asikie, nami nilinyamaza vizuri sana, ila mtu wa nyumbani kwangu aliponiita kwa upendo nikamwita wingu. Samweli alipoitwa usingizini aliitika kwanza, kuwa ni nani anayeita akajua baadaye. Gwakisa ndiye aliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Miguu sikunji tena. Asubuhi naomba kimyakimya kwenye kigoda, na kimya kikizidi, Tumpe hugonga sufuria nyuma ya ukuta: "Baba, upo?"

Nami hukatiza sala. "Nipo, mwanangu, nipo!" Mungu hunisubiri, kisha tunaendelea.