Nilipoamia Jaruba la Jirani

Mwezi uliopita, tulipotwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo pale Iringa, kijana wa redio ya chuo alinisogezea kinasa sauti akaniuliza nani alinifundisha kucheza vile. Nikamwambia ukweli: nilifundishwa na kuamia, kule kufukuza ndege kwenye mpunga wa bibi yangu, huko Madibira. Akacheka, wenzake wakacheka, na habari iliporushwa jibu langu lilikuwa limekatwa. Wakabakiza pale nilipomshukuru kocha. Kocha namshukuru, tena sana. Lakini nilichosema nilikimaanisha, na kwa kuwa wao wamekikata, nakusimulia wewe.

Kesho yake wenzangu walipokuwa wakirudi Mbeya, niliomba kushuka Mafinga. Nikapanda gari la abiria, Noah ya Madibira, nikiwa nimejikunyata kwenye jaketi, na kadiri tulivyoshuka bondeni nikawa navua nguo moja baada ya nyingine. Harufu ya tope na mpunga ilinifikia kabla sijaona hata jaruba moja, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta.

Nilikuwa nikikaa na bibi kwa sababu mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai huko Mufindi. Bibi alikuwa na eka moja ndani ya skimu ya umwagiliaji, na eka ile ndiyo iliyotulisha, ikanivika, ikaninunulia madaftari. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, mfupi kuliko wote darasani. Hata leo wapinzani wakiingia uwanjani hutazama juu ya kichwa changu kana kwamba sipo. Waache watazame.

Mpunga ulipoanza kushika maziwa, kazi ya watoto ilikuwa moja tu: kuamia. Alfajiri bibi alinipa uji wa mchele chenga wenye chumvi, nikaenda kupanda dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba. Kamba zilizofungwa tepu za kaseti zilivuma kwa upepo pande zote. Nilifinyanga vidonge vya tope, nikavirusha kwa kombeo, nikapiga debe, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Ndege wenyewe, kweleakwelea, hutua kwa mvumo, kama mtu anayemwaga mchele kwenye ungo, na ukichelewa kidogo unakuta masuke matupu. Basi ilikuwa kushuka dungu na kukimbia. Tuta ni jembamba, linateleza, na ukikosea hatua moja umezama hadi magotini. Nilijifunza kukimbia nimeinama, kugeuka ghafla, kutazama mbali huku miguu ikijua yenyewe pa kukanyaga. Mwalimu alinichapa mara nyingi kwa kuchelewa namba ya asubuhi shuleni. Alikuwa na haki yake, na sisi tulikuwa na mpunga wetu.

Jirani yetu wa upande wa mfereji alikuwa mzee wa Kisangu, mwenye ng'ombe wachache na maneno makali. Mwaka ule yeye na bibi hawakuwa wakisalimiana. Alifungulia maji shambani kwake siku ya zamu yetu, miche yetu ikakauka upande mmoja, na bibi akaapa mbele ya watu kwamba hatamsahau. Kwa hiyo kila mtu aliamia kwake. Mimi nikiwafukuza ndege, walitua kwa jirani. Mkewe akiwafukuza, walirudi kwetu. Bibi alikuwa na neno moja tu: "Ndege wake ni wake, wetu ni wetu."

Kisha mke wa jirani akaugua. Yule mzee alimpeleka hospitali Mafinga, na shamba lao likabaki bila mtu. Bibi alinitazama nilivyokuwa nikilitazama.

"Nimekuona," alisema. "Ukivuka tuta lile, usirudi hapa na njaa yako."

Siku ya kwanza nilitii. Nikawaona ndege wakila kwa jirani tangu asubuhi, wakipumzika kwenye matete, wakirudi wakiwa wengi zaidi, na jioni wakatushukia sisi. Kombeo langu halikuwatisha tena. Nikaelewa jambo ambalo bibi, kwa hasira yake, alikuwa hataki kulielewa. Siku ya pili nikavuka.

Bibi alinikuta juu ya dungu la jirani, nimebeba kombeo, nimelowa tope mpaka kifuani. Alisimama kwenye tuta na fimbo mkononi.

"Nilikwambiaje?"

"Ulisema nisivuke."

"Na sasa uko wapi?"

"Nimevuka, bibi. Wakishiba huku wanakuja kumalizia kwetu. Nipige, lakini kesho nitavuka tena."

Akanipiga, siwezi kukudanganya. Fimbo mbili za miguu, na zilikuwa kali. Kisha akageuka, akapanda dungu letu kwa shida na magoti yake mabovu, akashika debe akaanza kulipiga. Mimi nikawatoa ndege huku, yeye akawazuia kule. Siku kadhaa tulifanya hivyo, hatusemeshani, na ndege wakakosa pa kutua, wakaenda zao.

Jirani aliporudi na mkewe, akazunguka jaruba lake lote, anapapasa masuke. Jioni akaja kwetu na kambale wawili wabichi.

"Kamwene, mama," alimsalimia bibi kwa kilugha. "Maji ya zamu ijayo fungulieni ninyi kwanza."

Bibi alipokea samaki, akamkaribisha kwenye kigoda. Baadaye, akiwapaa samaki wale, alisema bila kunitazama, "Ndege hawajui mpaka wa jaruba." Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha. Hakuwahi kuniomba jingine.

Mpira wa kikapu nilikutana nao sekondari, na nilipofika chuo Mbeya kocha alinipima kwa macho akasema, "Mengine nitakufundisha, ila urefu siwezi kukupa." Sikumwomba urefu. Mchana wenzangu wakilala nilikuwa uwanjani peke yangu, natupa, naokota, natupa. Nikawa hatari. Nikawa mfungaji wa kwanza wa timu, na timu ikafungwa mechi baada ya mechi. Nahodha, binti mpole asiyependa ugomvi, akaniita pembeni.

"Wewe unapanda," aliniambia, "sisi tunashuka. Huoni?"

Nilinuna wiki nzima. Nilijiona naonewa kwa bidii yangu. Mpaka katika mechi moja, nahodha alipopitwa, nikajikuta nimesimama na mpinzani wangu kiaminifu kabisa, namtazama yule mwingine akienda kufunga. Wake ni wake, wangu ni wangu. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Nikamwendea kocha, nikamwambia nataka ruhusa ya kumwacha mtu wangu pale mwenzangu anapopitwa.

"Ukimwacha akafunga, ni juu yako."

"Iwe juu yangu," nikamjibu.

Ilikuwa juu yangu mara kadhaa, na nikasemwa. Sikuacha. Taratibu wenzangu nao wakaanza kuvuka. Pale Iringa, tukiwa mbele kwa pointi moja na sekunde zikiyoyoma, nahodha alipitwa tena. Nikamwacha wangu, nikaukata mpira kutoka chini, huko wanakosahau kutazama, na nilipogeuka nahodha alikuwa ameshamkaba mtu niliyemwacha. Hakuna aliyemwambia. Nilifunga vikapu viwili tu siku ile. Sijawahi kucheza vizuri zaidi.

Bibi hakuona. Tulimzika nikiwa kidato cha sita. Eka yake sasa inalimwa na mtu anayeishi mjini, anayeuliza hali ya shamba lake kwa simu. Madungu hayapo, dawa ya ndege hupuliziwa kutoka angani, na mavuno ni kazi ya mashine ambayo humaliza kwa saa chache yale tuliyoyafanya kwa siku nyingi tukiimba. Nilipita kwenye matuta yale, sikukuta mtu wa kumsalimia.

Sitaki uniambie siku zile zilikuwa tamu tupu. Zilikuwa na njaa, na ruba, na fimbo za mwalimu, na sitamtakia mtoto yeyote apoteze masomo yake kwa ajili ya ndege. Nimefurahi watoto wa Madibira asubuhi wako darasani. Lakini atakayesema kwamba sisi tulikuwa hatujifunzi kitu kule matopeni, namkaribisha uwanjani. Achukue mpira, ajaribu kunipita.