Wiski ya Chupa Nyeusi na Pua ya Baba

Baba yangu, Zedekiah Oloo, alizijua bia na wiski za Kijapani kuliko Mjapani aliyemwajiri, na hakuwahi kumeza hata tone. Sisi ni Wasabato, na kanisani kwetu pombe haiguswi. Baba alikuwa akiitia mdomoni, anaizungusha huku amefumba macho, kisha anaitema kwenye sinki na kusukutua kwa maji. Mama yangu, Peres, akimkazia macho, yeye hujibu polepole, "Sijameza, Mama Lornah. Nimetema."

"Na hiyo harufu kwa shati pia umetema?" mama angeuliza.

Kazi hiyo ya pua aliianza mwaka 1960 katika hoteli moja ya katikati ya mji, akiosha glasi. Kila glasi aliinusa kabla ya kuitia kwenye sabuni, na baada ya miaka michache angeweza kukwambia mteja wa meza ya dirishani alikunywa nini na kama barafu ilikuwa nyingi mno. Kufikia 1967 alikuwa nyuma ya kaunta, koti jeupe limepigwa pasi. Kisha hoteli ikauzwa, wenye mali wapya wakaja na watu wao, na baba akarudi kupiga magoti akipaka sakafu za watu nta. Hakulalamika, lakini tangu hapo magoti yalimuuma, na alipoketi alishusha pumzi ndefu iliyokuwa ikinikera kwa sababu sikuwa na dawa yake.

Mwaka 1971 alipata kazi Kileleshwa kwa Bwana Hirose, meneja wa kampuni ya mashine za kushona nguo. Alikuwa mpishi, mpiga pasi, mpaka nta na mfungua mlango, yote kwa mkupuo. Tuliishi watatu katika chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilipiga taipu katika ofisi moja mjini, nikienda na kurudi kwa miguu kupitia Chiromo.

Bwana Hirose alikuwa na vidonda vya tumbo. Daktari alimkataza wiski kabisa, akamwachia bia moja kwa siku. Hata hivyo kabati lake lilijaa wiski za wageni, maana mtu wa cheo chake asingeweza kukaa bila hizo. Siku moja alimkuta baba akinusa kifuniko cha chupa. Baba alidhani kazi imekwisha. Bwana Hirose alivuta kiti, akakaa, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Zedekiah, wewe naona namna gani?"

Katika miaka yote ya kuhudumia watu, hakuna tajiri aliyewahi kumwuliza baba anaonaje. Jioni ile alitusimulia swali hilo mara tatu.

Basi ikawa desturi. Shehena ikifika, Bwana Hirose hufungua, baba hunusa na kuonja na kutema, kisha hutoa hukumu. Bia zilikuja kwa meli, zikakaa kwenye joto la Mombasa kabla ya kupanda huku, na baba aliligundua joto hilo kabla hajainua glasi. "Hii imechoka," alisema, na Bwana Hirose akajifunza neno hilo vizuri kuliko salamu. Kirin aliiheshimu. Alisema uchungu wake unakaa nyuma ya ulimi na hauna haraka ya kuondoka. Sapporo aliiona safi lakini yenye aibu, inapita kama mgeni anayekataa kuketi. Tusker yetu, alisema, inajidai tu kwa sababu haijasafiri.

Kwenye wiski ndipo alipokuwa na maneno. Moja ya Nikka ilimkumbusha moshi wa kuni mbichi jikoni kwa nyanya yangu kule Karachuonyo. Wiski ya Waskoti, kwa maoni yake, huingia nyumbani na viatu. Hizi za Kijapani huvua viatu mlangoni. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Suntory ya chupa nyeusi, fupi, yenye kitumbo. Alisema inaanza na utamu wa zabibu kavu, halafu mbao, halafu joto linaloshuka bila kuunguza. Mimi nilimwuliza atajuaje la kushuka na yeye anatema. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Chupa hiyo nyeusi ndiyo iliyotuletea mambo.

Memsab Fumiko, mkewe Bwana Hirose, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, asiye na mtu wa kuongea naye. Bwana alikuwa kazini kutwa, binti yao Emi alikuwa shuleni, na majirani wa Kileleshwa walimpungia mkono tu kutoka kwenye magari. Saa nne asubuhi alifungua kabati. Baba alimkuta mara ya kwanza akiwa ameketi kwenye ngazi za nyuma na glasi mkononi, akilia bila sauti.

"Kwetu mtu hajimiminii mwenyewe," alimwambia baba. "Unamimina ya mwenzako, naye anamimina yako. Mimi najimiminia. Ni vibaya sana."

Baba alitoka kwa watu wanaokunywa pombe ya nafaka kwa mirija mirefu, wote wakizunguka chungu kimoja. Yeye hakunywa, lakini alimwelewa. Alichukua chupa, akammiminia kidogo, akairudisha kabatini. Hapo ndipo alipokosea, na alijua anakosea.

Maana Memsab alikuwa ameonywa. Siku za nyuma, wakiwa nchi nyingine, alizidisha, na mumewe akaapa kwamba akirudia atamrudisha Japani kwa wazazi wake na Emi atabaki. Kwa hiyo kila alichokunywa alikifidia kwa chai ya rangi, strungi, aliyoichemsha mwenyewe. Aliichemsha vibaya. Ilikuwa nyeusi mno na yenye makapi, na mgeni yeyote angeyaona yakielea. Baba alivumilia wiki mbili, halafu akashindwa. Akaanza kuichemsha yeye. Aliipima rangi dhidi ya dirisha, akaichuja kwa kitambaa mara mbili, akaipoza, akaitia chupani kwa faneli ndogo. Nilimwona kwa macho yangu Jumapili moja.

"Baba, siku mambo yakiharibika watasema ni wewe umeiba," nilimwambia.

"Wageni wanaweka maji na barafu," alisema. "Hawawezi jua. Wacha huyu mama akae na mtoto wake."

"Na wewe je?"

"Mimi nimechoka, Lornah. Usinichoshe zaidi."

Nilikasirika. Niliona watu wazima wawili wenye matatizo yao wameyatupa mgongoni mwa baba yangu, naye ameyabeba kama alivyobeba kila kitu.

Mwaka 1974 akaja Bwana Okabe. Huyu alikuwa anafungua mkahawa wa Kijapani mjini, karibu na Kimathi Street, na alitaka mtu wa kaunta anayevijua vinywaji vya kwao. Bwana Hirose alijivuna mbele yake. Alisema nyumbani kwake Kileleshwa yuko mtu mwenye pua isiyo na mfano. Okabe akasema atakuja Jumapili mchana kumjaribu. Kama ni kweli, kazi ni yake.

Baba alinyoa mara mbili. Alilitoa lile koti jeupe la hotelini, mama akalipiga pasi, akalegeza kifungo kimoja kwa sababu ya tumbo. Sikuwa nimemwona baba akitaka kitu waziwazi namna hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na alitaka kusimama tena nyuma ya kaunta, mtu amwulize anaonaje. Alitaka pia magoti yake yapumzike. Aliyasema yote mawili, moja baada ya lingine, akifunga viatu.

Okabe hakujua Kiswahili, alijua Kiingereza. Baba hakujua Kiingereza cha kutosha. Kwa hiyo niliitwa sebuleni kutafsiri.

Glasi zilikuwa tatu za baba na tatu kama hizo za Okabe, bila chupa karibu. Bwana Hirose alizichagua chupa mwenyewe chumba cha pili, na Memsab akazileta glasi kwenye sinia. Alizipanga mezani bila kumtazama baba. Nilimtazama usoni nikajua ya tatu imetoka kwenye ile chupa nyeusi.

Baba aliwekewa bakuli la kutemea. Akaonja ya kwanza. "Hii ni Kirin. Ilikaa kwa joto, lakini haikukaa sana." Nikatafsiri. Okabe akaandika kitu kwenye kijitabu. Akaonja ya pili. "Hii ni ya Nikka, ya moshi. Iko sawa kabisa. Ukiweka barafu utaifunga mdomo, weka maji kidogo tu." Nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza Okabe akatabasamu. Bwana Hirose alijipiga paja kwa furaha.

Akainua ya tatu. Aliinusa muda mrefu. Nami niliinusa kutoka nilipokuwa nimesimama, au labda nilifikiri tu naisikia harufu ya majani ya chai ya jikoni kwetu. Akaionja, akaizungusha, akatema. Alikuwa anaonja chai yake mwenyewe, na alikuwa anajua kwamba neno moja litampa kazi. Angesema tu wiski hii imechanganywa. Okabe angesimama kumshika mkono. Na jioni hiyohiyo Bwana Hirose angeuliza nani ameichanganya. Memsab alikuwa ameshika sinia tupu kifuani.

"Hii ni ile ya chupa nyeusi," baba alisema. "Ni nzuri. Haina kasoro."

Okabe alionja ya kwake, bila maji, bila barafu. Akaiweka glasi chini kwa uangalifu sana. "Mwulize kama ana hakika," akaniambia.

Nilimgeukia baba, nikamwambia kwa Kijaluo, "Baba, sema ukweli. Nakuomba."

Alinijibu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Nina hakika."

Nilitafsiri maneno hayo kama yalivyo. Mpaka leo najilaumu, kisha nikifikiri sana najua nisingeweza kufanya vingine. Okabe alifunga kijitabu chake, akaishukuru nyumba, akainama kwa heshima. Kumwambia mwenyeji kwamba amemnywesha mgeni chai kwenye glasi ya wiski kungekuwa aibu kubwa kwao, basi hakusema. Siku nne baadaye alimpigia simu Bwana Hirose. Mtu wako ni mzuri na msafi, alisema, lakini vinywaji hajui. Kazi alipewa Wahome, kijana wa Kinoo aliyefanya kazi katika baa moja ya Westlands. Sina ubaya naye.

Kesho yake baada ya jaribio, saa nne asubuhi, Memsab alimwita baba jikoni, akaimimina chupa yote nyeusi kwenye sinki mbele yake. Kama aliacha kabisa sijui. Strungi ya chupani baba hakuchemsha tena, hilo najua.

Na Bwana Hirose hakumwuliza tena anaonaje. Shehena zilikuja, zikafunguliwa, zikapangwa kabatini, na baba akazifuta vumbi. Hakutukanwa wala kufukuzwa. Alichekwa kidogo tu mbele ya wageni, eti yule mzee wetu wa pua, na yeye akapitisha karanga. Mimi ningevumilia kufukuzwa kuliko kuona hilo. Nyumbani aliacha kusimulia habari za bia na wiski. Alikula, akasoma Biblia, akapaka magoti dawa.

Akina Hirose waliondoka mwaka 1976. Asubuhi ya safari masanduku yalikuwa mlangoni na dereva alikuwa anangoja. Mimi na mama tulikwenda kuaga. Memsab Fumiko alitoka na chupa mpya nyeusi, akaifungua mbele yetu, akapiga magoti sakafuni alipopaka nta baba miaka mitano, akammiminia baba glasi, mkono mmoja umeshika chupa na wa pili umeishika kwa chini, jinsi wanavyommiminia mgeni wa heshima.

Hakukuwa na bakuli. Hakukuwa na sinki. Baba alimtazama mama, kisha akaitazama glasi, akanywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka.

Bwana Hirose alikuwa akivaa koti. Labda ni kwa sababu ya kuondoka, labda alikumbuka siku za zamani. Akauliza, "Zedekiah, naona namna gani?"

Baba aliirudisha glasi kwa mikono miwili.

"Mimi sijui vinywaji, bwana," alisema.

Memsab aliinama mpaka paji lake likagusa sakafu, na mumewe akacheka, akidhani ni kuaga tu.

Tulirudi chumbani kwetu kufungasha vyetu. Baba aliketi kitandani, akashusha ile pumzi ndefu. "Inashuka kweli," akaniambia. "Zabibu kavu, halafu mbao, halafu inashuka. Nilikuwa nimesema sawa."

"Ulisema sawa, baba," nilimwambia, na machozi yalinitoka.

Mama alimkaribia, akamnusa mdomo kama mtu anayekagua mtoto.

"Leo umemeza," alisema.

"Nimemeza, Mama Lornah."

Mama alichukua birika, akammiminia chai.