Kisiki cha Chai cha Baba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukata matawi na mizizi ya kisiki cha chai kwa siku moja. Hapa Boito tunakata chai hadi ibaki kisiki na bado inachipuka, kwa hiyo nikadhani mizizi nayo itavumilia. Kisiki hicho alikipanda marehemu baba; mama aliniruhusu nikichimbe nikifanye bonsai, mti mdogo wa kufugwa chunguni. Kila asubuhi nilikwaruza gome kwa ukucha nikitafuta rangi ya kijani. Kila asubuhi ukavu ulikuwa umeshuka zaidi.

"Wewe, si ukiache kipumzike?" mama akasema.

"Naangalia tu kama kiko hai."

"Hata baba yako ulikuwa unamwamsha hivyo hivyo wodini."

Kilikauka chote. Sasa nina kingine kwenye chungu, na sijakigusa tangu mvua ianze.