Friji la Kupoza Kompyuta ya Dada

Miaka ile ya tisini, mwezi wa kumi ukifika Mpanda, joto lilikuwa linaingia dukani kwa dada yangu kabla ya wateja. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, bati juu, dari hakuna. Ndani kulikuwa na kompyuta moja aliyoileta kwa treni kutoka Tabora, ameipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Alikuwa ameacha tumbaku Katumba, tulikozaliwa wote wawili, ili aishi kwa kuchapa mitihani ya shule za msingi na ratiba za ibada. Lakini ikifika saa saba mchana, kompyuta inakwama. Unabonyeza, herufi haziji. Anaizima, anaipepea kwa kipande cha boksi, anaanza upya.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya Kakese alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Dada, mtihani wangu umepotea mara ya pili. Ukipotea tena naurudisha kwa yule wa taipureta. Na wenzangu wote nitawaambia."

Dada alicheka kwa adabu. Mwalimu alipoondoka, dada aliweka kichwa mezani.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nalala kwenye stoo yake. Nilifungua kava la kompyuta nikagusa prosesa, ule ubongo wa mashine, nikaunguza kidole. Kifeni chake kilikuwa kinazunguka, lakini kilikuwa kinapuliza hewa ileile ya moto ya chini ya bati. Nikakumbuka spiriti ambayo nesi anakupaka kabla ya sindano: inakauka, ngozi inabaki baridi. Friji linafanya hivyohivyo kwa gesi, ila linairudisha gesi iwe maji na kuanza tena. Nikajiuliza kwa nini hiyo baridi ikae na soda tu.

Fundi wa friji alikuwa na kibanda karibu na stendi. Alikuwa Mfipa mnene mwenye sauti kubwa, na kazi yake hasa ilikuwa friji za mafuta ya taa, za misheni na za wauza samaki wa Karema. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ubao.

"Nyie wa Katumba! Mtu hana friji la kuweka nyama, anataka la kuweka kompyuta!"

Lakini macho yake yalishaenda kwenye kona, kwenye friji dogo la umeme lililooza mwili na kubaki na kompresa nzima, ile pampu ya kusukuma gesi. Ilikuwa kompresa pekee aliyokuwa nayo. Jioni hiyohiyo tuliikata, pamoja na ule wavu mweusi wa nyuma na kijibomba chake chembamba. Bomba la shaba tulilizungusha kama jalebi, tukaligonga likawa bapa, tukalichomea juu ya bamba la shaba la kukalia prosesa.

Kabla ya kuunganisha, fundi aliiwasha kompresa peke yake. Ikanguruma kwa uzito.

"Imekaa sana hii," akasema. "Tuipindue ilale."

Sikumuuliza. Katumba, friji la chanjo la zahanati, la mafuta ya taa, lilipogoma, sote tuliitwa kulipindua kichwa chini. Tuliliacha hivyo mpaka kesho yake, na liliporudishwa likagandisha. Nani Mpanda hakuwa amewahi kupindua friji? Nilishika upande mmoja, yeye mwingine. Asubuhi tukakuta mafuta meusi yametoka kwenye bomba na kuloanisha mchanga.

"Ona uchafu!" fundi alifurahi. "Ilikuwa inaumwa tumbo."

Tukaichomea, akaijaza gesi kutoka kwenye mtungi wake, akawasha. Ikanguruma kwa wepesi kuliko jana, na kwenye bamba la shaba ikaota theluji nyeupe. Mwezi wa kumi! Watu wa stendi walikuja kugusa. Nikamwita dada. Naye aligusa, akanusa kidole, akanitazama.

"Mashine yangu ikifa, ndugu yangu, mimi narudi tumbaku. Unajua?"

"Najua, dada."

"Haya. Ilete."

Mchana ule tulitoa kifeni, tukafunga bamba juu ya prosesa kwa waya, tukalizungushia vipande vya godoro ili lisitoe jasho. Umeme wa jenereta la mji uliporudi, tulianza na kompresa, kisha kompyuta. Dada akaanza kuchapa mtihani wa Kakese. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita, bati linalia kwa joto, naye anachapa, hasimami hata kujifuta shingo. Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo, anajisifu kwa wapita njia.

Ndipo kompresa ilipoanza kulia. Mwanzo kama panzi, kisha kama chuma kinachosagwa. Fundi akaruka.

"Mafuta!" akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mara ya kwanza. "Friji za mafuta ya taa hazina kompresa, lakini hii ya umeme inalainishwa na mafuta yale. Tulimwaga mafuta yake."

Ikapiga kishindo, ikasimama.

"Zima!" nikamwambia dada.

"Sijahifadhi."

"Prosesa haina kifeni! Itaungua!"

"Nimesema sijahifadhi!"

Mkono wangu ulikuwa kwenye plagi. Alibonyeza, na taa ndogo ya kwenye tundu la disketi ikawaka, disketi ikaanza kukwaruza, ikihifadhi kurasa zote zile. Theluji ilikuwa inayeyuka. Niliona godoro likilowa, tone likavimba pembeni, chini yake sakiti zote. Dada aliona pia. Aliingiza kiganja chake ndani ya mashine inayowaka, akakinga. Mkono wa pili haukutoka kwenye kibodi.

"Utapigwa na umeme, mama!" fundi alipiga kelele.

Tone likaangukia kiganjani, na jingine. Taa ya disketi ikazimika. Akasema, "Sasa," nami nikachomoa.

Tuliianika kompyuta kivulini. Asubuhi mapema, hewa bado ya baridi, nilirudisha kifeni chake na dada akaiwasha mwenyewe, akituzuia sisi wawili tusikaribie. Ikawaka. Mtihani ulikuwepo wote. Aliuchapisha kabla jua halijafika kwenye bati, akaubeba mwenyewe kwa baiskeli hadi Kakese.

Tangu hapo alifungua duka alfajiri na kufunga saa sita, na wateja wakazoea. Mimi nilipanda treni kwenda Tabora kutafuta kompresa nyingine, na baada ya Tabora miji mingine, na katika mingi yake nimeishi kwa kuwajazia watu gesi kwenye friji zao. Siku ya kuondoka alinisindikiza stesheni.

"Ukiipata," akasema, "ijaribie kwenye kompyuta ya mtu mwingine."